Marehemu Mtarajiwa wa Kata ya Mitumbati

Wageni wanaopita nchini kwetu Shukurani hupenda kuuliza tulitokaje kwenye ile shida ya uchumi, na kila mara huletwa kwangu, kwa kuwa nilikuwa katibu wa kamati na mihtasari yote ya vikao ninayo, ndani ya mfuko wa sukari. Jina langu ni Bakili. Elimu ya uchumi sina. Nitasema niliyoyaandika, na lile nililoagizwa nisiliandike nitalisema pia, maana aliyeniagiza amekwisha kupandishwa cheo na hana tena muda wa kunisikiliza.

Kwanza tulikua. Tulikua kwa ufuta. Mwaka ule watu wa ng'ambo waliupenda ufuta wetu kwa namna ambayo wenyewe hatukuielewa, kwani sisi tulizoea kuutia kwenye kashata tu. Bei ikapanda mara nne katika msimu mmoja. Wenye pikipiki wakanunua magari, wenye magari wakanunua ving'ora. Serikali nayo haikutaka kuachwa nyuma: ikakopa kwa dhamana ya ufuta ambao haujapandwa, ikajenga katika mji mkuu Mnara wa Ustawi, ghorofa thelathini na moja, uwe makao ya Wizara ya Ustawi.

Lifti ya mnara ule iliagizwa ichukue watu kwenda juu tu. Mafundi waliuliza watu watashukaje, na Waziri, Mheshimiwa Profesa Daktari Likoko, akawajibu kwa upole kwamba katika jengo lile hakuna kitakachoshuka. Basi watumishi waliteremka kwa ngazi za nyuma, ambako wapiga picha hawafiki. Lifti yenyewe ikishafika juu ilirudishwa chini tupu, milango imefungwa, taa zimezimwa, kwa heshima.

Hapa kwetu, kata ya Mitumbati, mpima mizani wa ghala la ufuta alikuwa Chande Mlekwa, mtoto wa mama yangu mkubwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyeweza kuketi. Wapimaji wa kata jirani waliweka jiwe mahali wanapopajua wenyewe ili gunia la mkulima lipungue. Chande alifuta vumbi kwenye mizani kwa kitambaa kabla ya kila gunia, ili mkulima asipunjwe hata uzito wa vumbi. Tulimcheka sana. Miaka yote ya neema alipata bati jipya na mlango wa rangi ya samawati, basi. Nilimwambia mara nyingi kwamba bahati haibishi hodi mara mbili, naye alinijibu kwamba mlango wake hauna komeo.

*

Msimu uliofuata watu wa ng'ambo waliacha kuupenda ufuta. Hawakutukosea, walipenda kitu kingine tu. Gunia lililokuwa likigombewa likawa la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mkopo ukabisha hodi. Benki ya Taifa ikafunga milango kwa ajili ya usafi, na usafi ukachukua miezi minne.

Serikali haikulala. Neno "kuporomoka" lilipigwa marufuku redioni, na kijiji kimoja kilipofukiwa na mlima tukatangaziwa kwamba mlima umesogea karibu na wananchi. Hali yenyewe iliitwa Pumziko la Ustawi. Waziri alieleza kwamba hata mkimbiaji hodari hupumzika, kisha akaenda kupumzika ng'ambo wiki sita kwa niaba yetu sote.

Ghala likafungwa. Chande, mtu asiyeweza kuketi, akaketi, na moyo ukaanza kumsumbua. Daktari wa wilaya alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema moyo umechoka lakini haujashindwa, na dawa yake ipo: elfu arobaini kwa mwezi, kwa miezi sita, na baada ya hapo huenda Chande akatuzika wengi wetu. Nawaomba muikumbuke hiyo elfu arobaini, kwa sababu mimi siwezi kuisahau.

Alizunguka kwa ndugu. Kwangu alikuja siku ya Jumanne. Nilikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati, naye aliketi akitazamana nalo. Nilimwambia hali ni ngumu, ndugu yangu, unaona mwenyewe nchi inapumzika. Akasema anaelewa. Wakati wa kuondoka aliona mlango wangu unakwaruza sakafu, akaunyanyua, akazikaza bawaba kwa ncha ya kisu, akaaga. Ndugu wengine kumi na wanne walimjibu kama mimi, kwa hiyo sikujiona mbaya kuliko wengine.

*

Wokovu ulitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Katika ghorofa ya kumi na tisa ya Mnara walikaa wasomi sita, kazi yao kutafuta dalili za ustawi popote zilipojificha. Siku moja waliona kwamba katika kata moja ya kaskazini fedha imetembea ghafla siku tatu mfululizo. Imenunua mchele, mbuzi, mbao na vitenge, imekodi maturubai na spika na mabasi mawili, kisha imetulia. Wakatuma askari, wakidhani ni magendo. Askari wakarudi na habari kwamba yalikuwa mazishi. Stesheni masta mstaafu alikufa kwa kukosa dawa ya elfu ishirini na tano, akazikwa kwa milioni tatu na nusu.

Profesa Likoko alitaka asomewe taarifa hiyo mara mbili, na jioni ileile akalihutubia taifa. Alisema Mshukurani ana fedha. Tumeitafuta mfukoni, tumeitafuta benki, kumbe ameiweka akiba ya msiba. Mgonjwa hawezi kuitoa, mwanafunzi hawezi kuitoa, hata mtoza kodi na askari wake hawawezi. Anayeiweza ni marehemu peke yake. Kwa hiyo kuanzia sasa marehemu ndiye mhimili wa uchumi.

Na nani angebisha? Wote tunajijua. Mgonjwa tunamwendea na pole, maiti tunamwendea na bahasha.

Ikatungwa Sheria ya Maombolezo ya Kuinua Uchumi. Kila kata ilitakiwa kufanya mazishi ya hadhi mara moja kila robo mwaka, yenye waombolezaji wasiopungua mia sita waliovaa sare. Shida ilikuwa kwamba watu walikufa bila ratiba, na waliokufa zaidi ni wale wasio na ndugu wa maana. Mipango ya nchi haiendi hivyo. Sheria ikaruhusu kata imwandikishe mapema marehemu mtarajiwa: mgonjwa anayependwa, mwenye ukoo mkubwa, na mwenye uhakika wa kuridhisha wa kufa. Michango ilianza siku ya kuandikishwa.

Mtendaji wetu wa kata, Bi. Namtuka, mama mwenye bidii na daftari, alikuta kata ina wagonjwa watatu. Mmoja alikuwa hapendwi. Mwingine alikuwa na binti mmoja tu, tena naye anaumwa. Wa tatu alikuwa Chande.

*

Kamati iliundwa, nami nikachaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko. Mwenyekiti alikuwa, kwa bahati njema, ndiye mwenye maturubai. Sheria ilitaka vikao vifanyike nyumbani kwenye msiba, kwa hiyo tulikutana sebuleni kwa Chande kila Alhamisi. Yeye mwenyewe alitupangia viti. Mkewe, Bi. Somoe, alitukaangia visheti kwa mafuta yake. Chande aliruhusiwa kuhudhuria kama mjumbe mwalikwa, asiye na kura.

Wale ndugu kumi na wanne walikuja wote, wengine kwa kukimbilia. Mmoja alitoa laki moja, mwingine akaleta mbuzi, akalia huku ameshika kamba. Mimi nilishusha kopo langu la chai, nikatoa elfu sitini, na jina langu likasomwa kwa sauti. Chande alinitazama, akasema asante. Fedha ziliwekwa ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, likawekwa juu ya rafu, chini ya kalenda. Kufikia wiki ya tatu zilikuwa milioni tano na laki mbili.

Alhamisi ya nne Chande alinyoosha mkono. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba na alizungumza kwa kupumzika.

"Ndugu wajumbe, mimi naomba laki mbili na arobaini tu. Ni dawa ya miezi sita. Zitakazobaki, siku yangu ikifika, nizikeni nazo."

Mwenyekiti aliniagiza nisome kifungu cha tisa, nikakisoma: fedha ya maziko haitatumika kwa uhai. Mwenye mbuzi akalia tena. Alisema anampenda sana Chande, na kwa mapenzi hayo hawezi kuvumilia kuona mazishi yake yakipunguzwa hata kwa sahani moja ya pilau. Wajumbe wakaguna kumuunga mkono.

Bi. Somoe alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Fedha ile pale kwenye rafu," alisema. "Mtu huyu hapa kwenye kiti. Mimi sioni mto wa kuvuka hapo katikati."

Bi. Namtuka alisifu mchango huo, akasema ni wazo zuri sana lililozidi mamlaka yake. Ikaamuliwa Chande akaombe kibali Wizarani, nami nimsindikize. Nauli ilitoka kwenye sanduku, kwa kuwa kumsafirisha marehemu ni gharama halali.

*

Lifti ilimfurahisha. Alisema tangu azaliwe hajaona mzigo ukipandishwa bila mtu kutoka jasho. Ghorofa ya thelathini na moja tulipokewa na Waziri mwenyewe, ambaye hakuwa amewahi kukutana na mtarajiwa uso kwa uso. Alimshika Chande mikono yote miwili, akaagiza chai na korosho, akasikiliza ombi letu hadi mwisho bila kutazama saa.

"Mzee wangu, hebu tufikiri kitaalamu," alisema. "Ukitibiwa, utamnufaisha daktari mmoja na chupa moja ya dawa, tena dawa yenyewe inatoka nje. Ukifa, anakula seremala, anakula fundi cherehani, mwenye mchele, mwenye mbuzi, mwenye basi. Sasa ukipona, mimi robo hii nitawaandikia nini waliotukopesha?"

"Andika nimepona," Chande akasema.

Waziri alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Alisema watu wa Mitumbati wana utani mzuri, akampa Chande picha yake iliyotiwa sahihi, na mlango ukafunguliwa.

Nilibonyeza kitufe cha lifti. Askari akanisogeza mkono kwa adabu, akatuonyesha ngazi.

Tulianza kushuka saa sita mchana. Ghorofa ya kumi na tisa wale wasomi sita walitoka kumwamkia mtu aliyetoka kwenye hesabu zao. Walimpa kiti kwa muda wa kupiga picha, kisha wakakirudisha ndani. Ghorofa ya tisa Chande aliketi kwenye ngazi, midomo imebadilika rangi. Aliniuliza kama mlango wangu bado unakwaruza. Nikasema hapana. Akasema nisisahau kupaka sabuni kwenye bawaba, mvua zikianza zitashika kutu. Kuanzia ya tano nilimbeba mgongoni. Nilijiandaa kwa uzito, maana ni mtu mrefu, lakini alikuwa mwepesi kama gunia tupu. Hapo ndipo niliogopa, na ndipo nilipolikumbuka lile kopo. Tulifika chini adhana ya alasiri ikipigwa.

*

Robo mwaka ilikuwa inaisha tarehe thelathini. Maturubai yalikwisha kukodiwa, sare zimeshonwa, Waziri ameiweka tarehe kwenye ratiba yake, na Chande alikuwa bado hai. Wengine walisema amekosa shukrani. Kamati ilikaa kwa dharura, na mwenyekiti akagundua kwamba sheria inataka mazishi yafanyike; haisemi popote kwamba marehemu lazima awe amekufa. Bi. Namtuka aliisoma mara tatu, akakiri kwamba ndivyo.

Walikuja watu mia nane na ishirini. Uso wa Chande ulikuwa kwenye kila kitenge, mbele na nyuma, na kwa wanene ulikuwa umenenepa. Yeye mwenyewe aliwekwa mbele kwenye kochi, amevalishwa suti ya kamati. Fundi aliishona kama anavyowashonea maiti wote, bila mgongo, inafungwa kwa kamba, hivyo akaombwa asiinuke. Bi. Somoe aliketishwa kwenye mkeka pamoja na wanawake, akapewa pole na mamia ya watu huku akitazamana na mumewe ng'ambo ya uwanja. Hakulia. Wanawake walilalamika kwamba anaharibu msiba.

Hotuba zilikuwa nzuri. Nilisoma wasifu, na nilipofika kwenye habari ya kitambaa na vumbi la mizani watu walilia kweli, hata waliokuwa wakimcheka. Mwenye mbuzi alizirai, akapepewa. Waziri alisema Chande ni shujaa wa ufufuo, akatangaza kwamba uchumi umekua kwa asilimia nne nukta moja. Vigelegele vikapigwa. Pilau iliyofuata ililiwa na kila mtu isipokuwa Chande, aliyekatazwa chumvi na daktari.

Jioni jeneza tupu lilipelekwa makaburini, likateremshwa, likafukiwa, na seremala akalipwa. Kaburi likawekewa saruji na kibao cha Wizara. Sanduku la bati lilirudi kwenye rafu jepesi kabisa.

Waliotukopesha waliona takwimu, wakaridhika, wakatukopesha tena. Pumziko la Ustawi likatangazwa kwisha. Benki ya Taifa ilifungua milango, na kweli ilikuwa safi: ndani hapakuwa na kitu.

*

Chande alikufa siku ya tisa baada ya mazishi yake, saa nne asubuhi, akiwa amesimama, akipaka sabuni bawaba za ule mlango wa samawati.

Bi. Somoe alituma habari kwa wote. Hakuja mtu. Nisingependa mtufikirie vibaya, haikuwa roho mbaya. Watu walikwisha kuchanga, sare zimekwisha kushonwa foronya, mbuzi ameliwa. Mtu huzikwa mara moja. Mwenyekiti alituma salamu kwamba maturubai yako kata nyingine. Bi. Namtuka aliniita ofisini, akaniambia kifo hiki nisikiandike popote, kwa sababu Chande yumo tayari kwenye takwimu za robo iliyopita, na mtu mmoja akifa mara mbili waliotukopesha watauliza maswali. Hili ndilo lile nililosema nitalisema.

Kaburi lake hatukuruhusiwa kulifungua, kwani lilikuwa mali ya Wizara. Tulichimba jingine pembeni, watu wanne, mimi nikiwa mmoja wao. Sanda ilikuwa shuka ya kitandani kwake, na juu ya shuka mkeka. Jeneza lake zuri lilikuwa hatua mbili kutoka pale, chini ya saruji, halina mtu. Nilichimba hadi viganja vikachubuka, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na aibu hiyo ilinitosha mwenyewe, haikuhitaji mchango wa mtu.

Tulipomaliza, wale watatu wakanawa mikono, wakaaga. Nilibaki na Bi. Somoe. Mfukoni nilikuwa na elfu arobaini, zimetoka kwenye kopo asubuhi ile, bado zinanukia chai. Nikazitoa, nikampa kwa mikono miwili.

Alizirudisha kiganjani mwangu. Hakunikasirikia, na heri angekasirika.

"Kazitie kwenye lile sanduku lenu, shemeji," alisema. "Mimi sina mgonjwa tena."